Kobe Aliyesema Nakuja

Kikohozi ndicho kilichofika kwanza. Kikohozi kizito cha kujifanya, kama cha mzee anayetaka watu wajue kwamba ameingia, kilitoka kwenye vipaza sauti vya gari ambalo lilikuwa halijakata kona. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, nene, yenye mkwaruzo, ikapita juu ya mapaa ya mabati na kuingia kila dirisha bila hodi: "Nakuja, nakuja! Mna haraka ya nini? Miguu yenyewe minne tu!"

Watoto wa mtaani wakacheka. Muziki ukafuata, halafu mwanamume anayeongea mbiombio akatangaza filamu mpya ya katuni, kwa familia nzima, jumba la sinema la karibu na soko, njooni wote.

Ndani ya chumba kimoja, mwanamke aliyekuwa akipiga pasi nguo za watu alisimama ghafla. Mkono wake ulisimama pia, na pasi ya mkaa ikabaki pale pale ilipokuwa. Gari lilipita, likaenda mtaa wa pili, na kikohozi kikasikika tena kwa mbali. Harufu ya kuungua ndiyo iliyomzindua. Alipoinua pasi, shati jeupe la mwalimu lilikuwa na alama ya kahawia mgongoni, ncha na yote, kama pasi nyingine iliyochorwa.

"Ni yeye," alisema, ingawa hapakuwa na mtu wa kumjibu; mjukuu wake alikuwa bado chekechea, mbali na mtaa ule. "Ni mwanangu."

Mwanawe alikuwa amezikwa kabla mvua hazijaanza. Enzi za uhai wake alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi. Kutwa alikaa kwenye kibanda chenye dirisha dogo akiwaambia watu basi lipi linaondoka na mzigo wa nani umesahauliwa. Maelfu waliijua sauti yake na hawakuijua sura. Siku moja bwana mmoja wa studio, aliyekuwa akisubiri basi, alimsikia akiwafokea wachukuzi kwa kipaza sauti bila kujua kwamba hakukizima. Bwana yule alicheka hadi basi lake likamwacha. Akamfuata kibandani, akamwomba akamsemee kobe kwenye katuni iliyotoka nchi za mbali. Alikwenda siku chache, akalipwa mara moja, akarudi nyumbani akisimulia alivyofungiwa peke yake kwenye chumba chenye magodoro ukutani. Baada ya hapo hawakusikia tena habari za studio, wala za kobe. Hata alipougua, hata alipokufa. Mpaka gari lile lilipopita.

*

Mume wa marehemu alikuwa fundi wa breki kwenye gereji ya stendi hiyo hiyo, na kila mtu alimwita Breki. Walipooana, utani wa stendi ulikuwa kwamba nyumba ile haitaharibika kamwe: mke anayaondoa mabasi, mume anayasimamisha. Mtoto wao wa kike, aliyezaliwa mama yake akiwa bado anatangaza mpaka siku ya uchungu, alipewa jina la Abiria, na jina halisi likabaki kwenye cheti tu.

Breki alifika jioni, mikono imetakata kwa mafuta ya taa lakini kucha bado nyeusi. Uani Abiria alikuwa akioga kwenye beseni, akijiimbia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Umesikia leo?"

"Nimesikia," alisema mkwewe. "Na shati la mwalimu limesikia."

Breki akaligeuza lile shati lililotundikwa kwenye kiti, akaiona alama. Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda akavua viatu polepole.

"Gereji walikuja kuniambia. Wakasema, 'Breki, mkeo anaongea mjini.' Nikatoka chini ya basi nikakuta gari limeshapita. Nimeambulia muziki tu." Akavipanga viatu kando ya mlango. "Jumamosi nataka nimpeleke Abiria."

"Umpeleke wapi?"

"Sinema."

"Mtoto wa miaka mitano?"

"Ni katuni, Mama. Ni ya watoto."

"Sijakuuliza ni ya nani. Mtoto anajua mama yake kasafiri."

"Si mimi niliyemwambia hivyo."

Bibi aliacha kukunja nguo. "Ndiyo. Ni mimi. Siku ile wewe ulikuwa umelala kifudifudi sakafuni, watu wanakumwagia maji. Mtoto kasimama mlangoni ananiuliza mama yuko wapi. Ulitaka nimwambie nini? Ningesema lile neno lenyewe, na mimi ningelala pale pembeni yako."

Tatizo lilikuwa kwamba Abiria ni mtoto wa stendi. Kwake yeye kusafiri si fumbo la watu wazima. Anayesafiri hupanda basi, na basi linalokwenda hurudi. Kwa hiyo kila jioni alimuuliza baba yake swali lile lile, na kila jioni baba yake alijibu neno moja.

"Mwambie ukweli basi, ndiyo umpeleke," alisema Bibi.

"Nitamwambia. Siyo wiki hii."

"Na huko akiisikia?"

"Hataisikia. Mtoto anatazama picha, Mama. Atamwona kobe, atacheka, tutarudi."

"Baba," mama mkwe alisema kwa upole uliouma kuliko kufoka, "wewe ndiye unayetaka kumsikia. Mtoto umemfanya tiketi."

Ilikuwa kweli. Tangu msiba, Breki alikuwa amesahau sauti ya mke wake. Aliikumbuka sura, aliikumbuka harufu ya mafuta aliyojipaka, lakini sauti, kitu ambacho stendi nzima ilikuwa nacho, kilikuwa kimemponyoka. Mwanamume hawezi kumwambia mama mkwe jambo kama hilo.

"Twende wote," alisema.

"Siendi. Siwezi kukaa gizani na watu wanaomcheka mwanangu."

Abiria aliingia akiwa amejifunga taulo, maji yakimdondoka. "Baba, basi la Mama limefika?"

"Bado," Breki alisema. "Lakini Jumamosi tunaenda sinema."

"Sinema ni wapi?"

"Ni nyumba kubwa. Kuna picha zinatembea."

"Zinatembea zinaenda wapi?"

Bibi aligeukia ukutani, akaendelea kukunja nguo.

*

Jumamosi Abiria alivalishwa gauni la njano na viatu vilivyoanza kumbana. Breki alivaa shati la harusi yake. Nje ya jumba la sinema kulikuwa na bango refu kuliko mlango: sungura watatu mbele, simba katikati, na pembeni kabisa, nusu yake ikiwa imekatwa na ukingo wa bango, kobe mwenye miwani. Chini yaliandikwa majina ya waliotia sauti. Breki aliyasoma yote kwa kidole, kutoka juu hadi chini, halafu akarudia.

"Unatafuta nini, Baba?"

"Jina la mtu."

"Lipo?"

"Wameandika 'na wengineo'."

"Wengineo ni nani?"

"Ni watu," Breki alisema. "Watu waliofanya kazi."

Wengineo! Neno dogo, lakini limemeza umati. Waliojenga jumba lile ni wengineo, waliolishona pazia lake ni wengineo, na mwanamke aliyefanya mitaa mizima icheke kutoka ndani ya kaburi naye ametupwa humo humo, bila hata herufi moja.

Dirishani, muuza tiketi hakuinua uso. "Mtoto anakaa kwenye kiti au unampakata?"

"Kiti chake."

"Akilia mnatoka. Na hela hairudi."

"Halii."

"Wote mnasema hivyo." Akamtazama Breki, kisha kucha zake. "Usiguse ukuta, fundi. Tumepaka rangi juzi."

Breki alikuwa na maneno mdomoni. Alitaka kusema kwamba mke wake yumo ndani, kwamba leo hakupaswa hata kulipa. Akayameza, akaweka mikono mfukoni.

Walikaa safu ya katikati. Miguu ya Abiria haikufika sakafuni, na kiti chenyewe kilitaka kujikunja naye, ikabidi baba akizuie kwa mkono. Mbele yao alikaa mama mmoja mnene na watoto wanne waliokuwa wakigombea mfuko wa bisi. Kisha taa zikazimwa.

"Baba! Umeme umekatika!"

"Haujakatika. Wamezima wenyewe."

"Kwa nini?"

"Ili tuone."

"Gizani?"

Mama wa mbele akacheka. "Mara ya kwanza?" aliuliza akigeuka.

"Mara ya kwanza," Breki alikiri.

Picha ilipowaka Abiria alijikunyata, akamshika baba yake shati. Sungura mmoja alikuwa mkubwa kuliko basi. Lakini baada ya muda kidogo vidole vililegea, na mdomo ukabaki wazi. Sungura walianguka mtoni, akacheka. Simba akakanyaga mwiba, akacheka zaidi, akiitazama picha na kumtazama baba yake kwa zamu ili ahakikishe wote wawili wanaona kitu kimoja. Kwa dakika zile Breki alidhani amefanya jambo jema.

Ndipo kikasikika kikohozi.

Breki alijua kwa mwili kabla ya masikio. Kobe alitokea nyuma ya jiwe, akarekebisha miwani, akaanza kulalamika kuhusu vijana wa siku hizi. Ukumbi ukaangua kicheko. Ndiyo hiyo. Ndiyo hiyo sauti, na ule mkwaruzo, na ile tabia ya kuvuta neno la mwisho. Alifumba macho ili kobe asimzuie. Alikuwa kwenye meza yao, anaambiwa asiweke spana juu ya mkate.

Alipofumbua, Abiria alikuwa hacheki.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo. "Mama yumo humu."

"Ni kobe huyo, mwanangu. Tazama miwani yake."

"Siyo kobe. Ni Mama."

"Shhh. Tazama."

Kwenye picha, sungura walikuwa wamefika kilimani na wanamwita mzee awafuate. Na kobe akajibu, kwa mkwaruzo ule ule: "Nakuja, nakuja! Mna haraka ya nini?"

Hilo ndilo neno Abiria aliloachiwa. Alfajiri waliyomchukua mama kwenda hospitali, amekaa ameshikiliwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani, alimgeukia mtoto pale mlangoni akasema, "Nakuja." Ndivyo tunavyosema sote. Anayetoka nyumbani kwake hasemi naondoka. Anawapa kisogo walio ndani, anashika njia, na anasema nakuja. Mtu mzima analisikia neno hilo na kujua kwamba mwenzake anakwenda. Abiria alikuwa amelishika lilivyo.

Alisimama juu ya kiti. "Mama!" aliita kwa nguvu zake zote. "Tuko huku!"

Watu wakacheka. Walidhani ni sehemu ya raha. Kobe hakugeuka, aliendelea kupanda kilima, na mtoto akaona kwamba hajasikika. Kiti kikajikunja, akateleza, akapita katikati ya miguu ya watu, na kabla Breki hajajua amshikie wapi, gauni la njano lilikuwa linakimbia kwenye ujia kuelekea kwenye picha.

"Abiria!"

Kivuli kidogo chenye mikono iliyoinuliwa kilitokea juu ya kilima cha kobe. Zomeazomea ikaanza. Breki alifika mbele, naye akawa kivuli, kikubwa, kikaficha sungura wote.

"Kaa chini wewe!"

"Tumelipia filamu, hatukulipia mgongo wako!"

Mwanga wa tochi ulimpiga usoni. Mlinzi wa ukumbi, mwanamume mfupi mwenye sare iliyompwaya, alikuwa amemshika kiwiko. "Bwana, mtoto wako anaharibu pazia. Mchukue mtoke."

"Anamtafuta mama yake."

"Mama yake amekaa wapi? Tumwite."

Breki alinyoosha mkono kwenye picha. Mtu aliyebanwa husema lililo karibu. "Huyo kobe," alisema, "ni mke wangu."

Safu za mbele zilimsikia. Kwanza kikawa kimya cha watu wasioamini bahati yao, kisha ukumbi ukalipuka. Walicheka kuliko walivyomcheka kobe mwenyewe. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Na sungura ni shemeji zako?" na kicheko kikaanza upya. Breki alisimama ndani ya kicheko kile, shati lake la harusi likiwa limejaa rangi za msitu.

Alipotazama chini, Abiria hakuwepo. Pembeni mwa picha, pazia jeusi lilikuwa linatikisika.

*

Nyuma ya pazia palikuwa pembamba kama ujia wa basi. Palikuwa na ngazi, ndoo, mafagio, na makasha ya spika yaliyosimama wima, marefu kuliko mtu. Picha ilionekana kutoka nyuma, hafifu, kila kitu kikielekea upande usio wake. Abiria alikuwa amelikumbatia kasha la katikati na kuweka shavu lake juu ya kitambaa kilichokuwa kikitetemeka. Ndani yake mama yake alikuwa anaongea.

"Yumo humu, Baba," alisema, na uso ulimng'aa. "Wamemfungia. Si alisema wanamfungiaga kwenye chumba?"

Breki alipiga magoti.

"Fungua," mtoto alisema. "Si wewe ni fundi?"

Kuna maombi ambayo mtu angeyajibu kwa meno kama angeweza. Breki alitazama zile parafujo nne kwenye pembe za kasha. Alijua bisibisi ya kuzitoshea. Kwa kitambo kifupi cha wazimu, mkono wake uligusa mfuko.

"Fungua, Baba. Anasema anakuja."

Mwenye tochi alikuwa amefika nyuma yao. "Jamani, mnatoka au..." Alimwona mtoto alivyoshikilia kasha, akaishusha tochi chini.

"Mama hayumo humu," Breki alisema.

"Yumo. Msikie."

"Hiyo ni sauti tu. Aliiacha siku nyingi, wakaihifadhi. Sauti inabaki hata mtu akiwa hayupo." Alivuta pumzi. "Abiria, nitazame. Mama hakusafiri. Mama alikufa."

Mtoto alimtazama kama mtu aliyetajiwa kituo asichokijua.

"Bibi alisema kasafiri."

"Bibi alishindwa kusema. Na mimi nilishindwa."

"Atarudi lini?"

"Harudi. Mtu akifa harudi."

"Basi lake limeharibika?"

"Hakuna basi, mwanangu. Hakupanda basi. Aliugua, wakashindwa kumtibu, akafa. Tukamzika."

Upande wa pili wa picha kobe alisema kitu na watu wakacheka. Abiria alisikiliza mpaka kicheko kikaisha. Kisha aligeuka akampiga baba yake ngumi ya kifuani, kisha nyingine, ngumi ndogo zisizo na uzito.

"Kila siku unasema bado! Kila siku unasema bado!"

"Ndiyo."

"Bado! Bado! Mwongo!"

"Ndiyo," Breki alisema, na hakuinua mkono kujikinga. Mtoto alimpiga mpaka akachoka, ndipo kilio kilipokuja, na kilipokuja kilikuwa kikubwa hata mama wa bisi huko mbele alisikika akiuliza, "Jamani, mtoto kaumia?"

Mwenye tochi alisogeza ndoo kwa mguu. "Piteni mlango huu wa nyuma," alisema, akitazama pembeni. "Kule mbele watawacheka." Aliwafungulia. Jua la alasiri liliwapiga wote wawili machoni, na nyuma yao mlango ulipofungwa, sauti ikakatika katikati ya neno.

*

Bibi alikuwa amekaa kizingitini. Hakuwa amepasha pasi siku nzima. Aliwaona wanakuja kwa mbali, mtoto kabebwa mgongoni, viatu mkononi mwa baba, na akaelewa kabla hawajafika kwenye bomba la maji.

Breki alimshusha mtoto mlangoni. Alitaka kusema kitu, akaona hana haki ya kuongoza mazungumzo yale. Akakaa chini, mgongo ukutani.

Abiria alisimama mbele ya bibi yake. Macho yalikuwa yamevimba lakini makavu.

"Bibi, Mama yuko wapi?"

Mwanamke mzima yule alimtazama mkwewe, na mkwewe hakumsaidia. Alitafuta neno. Yapo mengi, na yote yametandikiwa mto: ametangulia, ametutoka, amepumzika. Aliyapitia moja moja kama mtu anayechagua nguo ya kumvalisha mtoto siku ya baridi. Kisha akateremka kutoka kizingitini, akakaa chini kabisa, mpaka uso wake ukalingana na uso wa mtoto.

"Mama yako amekufa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake.

"Ulisema kasafiri."

"Nilikudanganya, mjukuu wangu. Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Nililiogopa neno."

Abiria alifikiri. "Nilimwita sana kule. Alikuwa hasikii."

"Ndiyo. Hasikii."

"Hata nikimwita kwa nguvu?"

"Hata kwa nguvu." Sauti ya Bibi ilikatika, akaisubiri irudi. "Amela..." Akaliacha neno hilo njiani, akashika jingine. "Amezikwa. Watu walikwenda wengi, wewe tukakuacha kwa jirani. Hatukufanya vizuri."

Mtoto aliangalia mtaa, kisha akamwangalia baba yake, kisha akarudi kwa bibi yake na kumshika kidole kimoja cha mkono, kile chenye kovu la pasi.

"Mbona mimi sijaona?"

Bibi alimvuta, na mtoto, ambaye tangu sinema alikuwa amekakamaa kama ubao, akakubali kuvutwa.

"Kesho asubuhi tutakwenda," alisema Bibi, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa yule aliyekaa ukutani. "Mimi, wewe na baba yako. Nitakuonyesha mahali penyewe, nikuwekee mkono wako juu ya udongo. Uniulize lolote unalotaka, na mimi nitakujibu kama lilivyo, hata kama nitalia. Sitakuficha tena. Nakuahidi."